Pampu ya juu, kisima cha mita 12 na farasi 16: kisa cha watu waliopima uzito wa hewa

Fundi Visima

Wakuu, habari za Jumapili.

Alhamisi nimeitwa mwizi mbele ya watoto. Mzee mmoja huko Chanika alinunua pampu ya umeme ya kuweka juu, akaniita nikamfungie. Kisima ni cha kuchimba kwa mkono, maji yako mita 12 chini. Nikamwambia, mzee wangu, hii haitavuta. Akasema dukani wamemhakikishia inapandisha maji mita 35. Haya, nikafunga, nikaijazia maji, nikawasha. Mota inanguruma vizuri kabisa, tone halitoki. Mzee akasema nimemuulia pampu. Akaagiza nyingine yenye nguvu mara mbili. Tone halitoki. Hapo ndipo nilipopewa jina langu jipya.

Mtu ukimwambia maji hayavutiki zaidi ya mita 10 hata ulete mota ya meli, anaona unamletea longolongo. Sasa ubishi huu wangu na mzee ulishatokea Italia karibu miaka 400 iliyopita, na waliokaa upande wa mzee hawakuwa watu wa kuchekwa. Nitaushusha kidogo kidogo maana natumia simu.

Galileo mnamjua, yule wa darubini. Alipohukumiwa mwaka 1633 akafungiwa nyumbani, aliandika kitabu kimoja cha mwisho, kikachapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Kitabu kimeandikwa kama maongezi ya watu watatu. Mmoja wao, Sagredo, anasimulia kuwa aliwahi kuona pampu ya kuvuta juu ya tangi la chini ya ardhi. Maji yakiwa mengi, inafanya kazi. Yakishuka kupita kiasi fulani, inakata. Akaamini imeharibika, akaita fundi. Fundi akaangalia, akamjibu kuwa pampu ni nzima, tatizo ni maji yako chini mno. Akamtajia na kipimo: dhiraa 18, na hata unywele mmoja zaidi haiwezekani, iwe pampu pana au nyembamba.

Dhiraa 18 za Florence ni mita 10 na ushee.

Yule fundi hakutajwa jina. Mimi nimemsoma nikasema huyu ni ndugu yangu kabisa.

---

Mzee wa Kijiwe

Naweka kiti changu hapa. Ila fundi, ungemrudishia mzee hela yake ya ufundi.

---

Duara Namba 9

Nipo Geita, machimbo madogo. Huku hilo halina ubishi. Duara (shimo la kuchimbia) likiingiwa na maji unashusha pampu chini kabisa, ama unaweka ngazi: ya chini inapandisha mpaka kwenye pipa katikati, nyingine inatoa kwenye pipa kwenda juu. Anayejaribu kuvuta yote kwa mkupuo kutoka juu ni mgeni.

---

Fundi Visima

Duara Namba 9 umenigusa. Hiyo hiyo ngazi yako imechorwa kwenye kitabu cha mwaka 1556! Georgius Agricola, daktari wa mji wa wachimba fedha unaoitwa Joachimsthal (leo uko Jamhuri ya Czech), aliandika kitabu kizima cha uchimbaji. Kilitoka mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Ndani kuna mchoro wa pampu tatu zimepandana, zote zinaendeshwa na gurudumu moja la maji, kila moja inamwagia kwenye tangi la mwenzake wa juu. Kwa hiyo mafundi wa migodi walikuwa wameujua mpaka huo miaka 80 kabla Galileo hajauandika. Hawakujua sababu, ila kwenye kazi walishauzunguka.

(Nje ya mada kidogo: sarafu za fedha za Joachimsthal ziliitwa *thaler*, na humo ndimo lilimotoka neno dola. Wazee wa Zanzibar wa karne ya 19 walihesabu mali kwa thaler za Maria Theresa. Turudi.)

Sasa sababu. Tangu Aristotle wanazuoni walifundisha kwamba maumbile hayakubali ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote. Ukivuta pistoni juu, maji yanaifuata ili pasibaki patupu. Swali la kijinga linalofuata ni: kama maumbile yanachukia ombwe, mbona chuki inaisha kwenye dhiraa ya 18? Galileo alijibu kwa mfano wa kamba. Kamba ndefu ukiining'iniza itafika urefu wa kukatika kwa uzito wake yenyewe. Na maji ndani ya bomba vivyo hivyo, yananing'inia kutoka kwenye pistoni, yakifika mita 10 yanakatika.

Jibu zuri, tena lina akili. Na si kweli.

Kinachoniuma ni kwamba kitabu hicho hicho kinaeleza jinsi ya kupima uzito wa hewa! Galileo aliishindilia hewa ndani ya chupa, akaipima kwenye mizani, akaona imeongezeka uzito. Akasema maji ni mazito mara 400 kuliko hewa. Alikosea kama nusu, maana ni karibu mara 800, lakini alijua hewa ina uzito. Na mwaka 1630 bwana mmoja wa Genoa, Giovanni Battista Baliani, alikuwa amemwandikia kuwa bomba lao la kupitisha maji juu ya kilima cha kama mita 20 limegoma. Galileo akampa nadharia yake. Baliani akarudisha kwamba yeye anahisi ni hewa ndiyo inayotukandamiza kwa uzito wake, na uzito huo lazima una kikomo. Galileo hakuishika. Vyote viwili vilikuwa mezani kwake, asiviunganishe.

---

Mwalimu wa Zamu

Fundi, uzi mzuri, lakini naomba tuweke sawa neno moja kabla watoto wa kidato cha pili hawajapita hapa. Hakuna kitu kinaitwa "kuvuta" maji. Pampu inaondoa hewa ndani ya bomba tu. Anayepandisha maji ni hewa ya nje iliyoukandamiza uso wa maji kisimani. Kanieneo (presha) la hewa pwani linatosha kubeba maji mita 10.3, basi. Ukiongeza nguvu ya mota unaongeza nini? Ukishamaliza kuondoa hewa, huwezi kuondoa zaidi ya yote.

---

Mzee wa Kijiwe

Kwa hiyo hata soda kwa mrija sivuti?

---

Mwalimu wa Zamu

Hujawahi kuvuta soda tangu uzaliwe, mzee wangu. Unasukumiwa.

---

Fundi Visima

Mwalimu amenimalizia utamu lakini sawa, tuone walivyofika hapo.

Kwanza Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 Gasparo Berti alisimamisha bomba la madini ya risasi lenye urefu wa zaidi ya mita 10 ukutani mwa nyumba yake, akalijaza maji, akaziba juu, akafungua chini ndani ya pipa. Maji yakashuka kiasi, yakasimama. Juu yake pakabaki nafasi. Nafasi ya nini? Wakabishana.

Shida ya maji ni urefu, huwezi kufanya jaribio mezani. Hapo ndipo anaingia Evangelista Torricelli. Alikwenda kukaa na Galileo miezi michache ya mwisho kabla mzee hajafa Januari 1642, kisha akapewa nafasi yake kwa mtawala wa Toscana. Akawaza: nitumie kitu kizito kuliko maji, nipate bomba fupi. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Gawanya mita 10.3 kwa 13.6, unapata sentimita 76. Bomba la kioo la mita na kidogo linatosha.

Aliyelifanya jaribio lenyewe kwa mikono ni mwenzake Vincenzo Viviani, mwaka 1643. Unajaza bomba zebaki, unaziba mdomo kwa kidole, unaligeuza ndani ya beseni lenye zebaki, unaachia kidole. Zebaki inashuka mpaka sentimita 76, inasimama hapo.

Lakini akili ya Torricelli iko kwenye kipengele ambacho vitabu vya shule vinakiruka. Alitengeneza mabomba mawili. Moja la kawaida, la pili lina tufe kubwa la kioo kichwani. Kama ombwe ndilo linalovuta zebaki, basi bomba lenye tufe lina ombwe kubwa zaidi, lingevuta zaidi. Akayasimamisha pamoja. Zebaki ikasimama kimo kimoja kote. Nguvu haikuwa kule juu patupu. Ilikuwa nje, juu ya beseni.

Tarehe 11 Juni 1644 akamwandikia rafiki yake Michelangelo Ricci aliyekuwa Roma kwamba sisi tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa. Mimi nimekulia Kilwa, nimezamia pweza, najua bahari inavyokukandamiza masikio ukishuka. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu.

Miaka mitatu baadaye akafa, hana hata 40.

---

Msoma Kimya

Sijawahi kuchangia humu tangu 2016. Leo nimeingia kusema endelea.

---

Mswahili wa Muscat

Assalaam aleykum. Nimesoma mpaka hapa, na kama kawaida historia inaanzia Ulaya. Al-Jazari aliandika kitabu cha mashine mwaka 1206, na ndani yake kuna pampu ya pistoni mbili zenye mabomba ya kuvuta maji mtoni. Hao akina Agricola wanakuja miaka 350 nyuma yake. Semeni na hayo.

---

Fundi Visima

Waaleykum salaam, shehe. Hayo ni kweli na nashukuru umeyaleta. Pampu ya al-Jazari nimeona mchoro wake. Pistoni mbili zinapokezana, moja inaingiza nyingine inatoa, ukiiona leo hutaishangaa. Wagiriki wa Alexandria nao walikuwa na pampu ya kusukuma kabla yake. Uzi wangu hausemi pampu ni ya Wazungu. Nafuata swali moja tu, kwa nini inakatia mita 10, na watu waliolipatia jibu kwa kupima walikuwa Florence, Rouen na Clermont. Wangekuwa Sohar ningeandika Sohar.

---

Mswahili wa Muscat

Nimekubali kwa shingo upande. Endelea.

---

Fundi Visima

Ufaransa sasa.

Habari ya bomba la zebaki ilibebwa na padri Marin Mersenne, ambaye kazi yake ilikuwa kama ya admini wa grupu: kila mwanazuoni Ulaya anamwandikia yeye, naye anasambaza kwa wengine. Ikamfikia Blaise Pascal, kijana wa miaka 23, akikaa Rouen. Rouen kulikuwa na kiwanda kizuri cha vioo, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu sehemu nyingi walijaribu wakashindwa kwa kukosa bomba la kioo lisilopasuka kwa uzito wa zebaki.

Pascal alifanya kituko. Alitengenezesha mabomba ya kioo ya futi 46, karibu mita 15, akayafunga kwenye mlingoti wa meli, moja akajaza maji na moja divai nyekundu, mbele ya watu. Waliobisha walisema ile nafasi ya juu si tupu, imejaa mvuke wa kimiminika. Divai ina mvuke mwingi kuliko maji, kwa hiyo itasukumwa chini zaidi. Akawaacha watabiri kwanza. Kisha akasimamisha mlingoti. Divai ikasimama juu kuliko maji, maana ni nyepesi kuliko maji. Wakanyamaza, ila si wote. Descartes baada ya kuonana naye aliandika barua kuwa kijana huyu ana ombwe jingi mno kichwani. Matusi ya wasomi hayo.

Bado ilikuwa haijathibitika kwamba ni hewa. Pascal akawaza hivi: kama tuko chini ya bahari ya hewa, mtu akipanda mlima ataukaribia uso wa juu wa bahari hiyo, hewa iliyo juu yake itapungua, na zebaki itashuka. Yeye alikuwa Paris na afya yake mbovu. Lakini alizaliwa Clermont, na shemeji yake Florin Périer, mume wa dada yake, alikuwa kule kule, karibu na mlima Puy de Dôme wenye mita 1,465.

19 Septemba 1648. Périer akakusanya mapadri na wakubwa kadhaa wa mji kuwa mashahidi. Asubuhi bustanini mwa watawa akasimamisha mabomba mawili, yote yakasoma kimo kimoja. Moja akaliacha pale, mtawa mmoja akalikalia siku nzima kuangalia kama litacheza. La pili wakapanda nalo. Kileleni, karibu mita 1,000 juu ya bustani, zebaki ilikuwa imeshuka inchi 3 na kidogo za Kifaransa, kama sentimita 8 na nusu.

Akarudia kipimo mara tano. Ndani ya kibanda cha kanisa, nje, penye upepo, penye ukungu. Ile ile. Wakateremka, wakapima katikati ya mlima, ikawa imepanda kidogo. Bustanini ikarudi kimo cha asubuhi, na mtawa akasema bomba lake halikutikisika siku nzima.

Kila nikifikiria jaribio hili namfikiria yule mtawa. Wenzake wako mlimani wanashangilia, yeye kakaa anatazama zebaki isiyosogea, na bila yeye mtu angeweza kusema hali ya hewa ilibadilika tu siku ile.

---

Kijana wa Umoja

Fundi salamu kutoka Nairobi. Hii nimeielewa sasa. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa huchemka nyuzi 94 au 95. Mamangu akienda Mombasa husema maharagwe ya huko huiva haraka na hajui kwa nini. Kumbe ni huku kwetu bahari ya hewa imepungua.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo hiyo hiyo. Na kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kanieneo ni karibu nusu ya la Tanga. Waliopanda wanajua vichwa vilivyowauma.

---

Duara Namba 9

Farasi wako wapi? Kichwa cha uzi kimesema farasi 16.

---

Fundi Visima

Wanakuja. Na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwa sababu alikuwa mtu wa kazi.

Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani. Mwaka 1631 jeshi liliuteketeza mji wao, watu kama 20,000 wakafa. Yeye alikuwa mhandisi. Alinusurika, akashiriki kuujenga upya, na mwaka 1646 akawa mmoja wa mameya. Siasa mchana, pampu usiku.

Swali lake: ombwe lipo au halipo? Badala ya kubishana akatafuta pipa la bia. Akalijaza maji, akaziba, akafunga pampu ya shaba chini, wanaume wenye nguvu wakavuta maji yatoke. Pipa likaanza kulia kama chungu kinachochemka. Hewa inapenya kwenye mbao! Akaweka pipa dogo ndani ya pipa kubwa lenye maji. Likaendelea kulia. Akaacha mbao, akafanyiza tufe la shaba. Wakavuta hewa yenyewe moja kwa moja, na karibu na mwisho tufe likabonyea kwa kishindo, likajikunja kama nguo mkononi. Fundi aliyelitengeneza hakulifanya duara sawasawa. La pili likafanywa kwa uangalifu, likahimili.

Ninyi mliowahi kufungiwa tangi la plastiki bila tundu la hewa mnajua ninachosema. Niliwahi kukuta tangi la lita 1,000 limefyonzeka kama pakiti ya maziwa.

Mwaka 1654 alionyesha pampu yake Regensburg mbele ya Kaisari Ferdinand III. Na mwaka 1657, kwao Magdeburg, ndiyo yale mashuhuri: vibakuli viwili vya shaba vyenye kipenyo cha kama nusu mita, vimegusanishwa midomo, katikati ngozi iliyolowekwa nta, hakuna msumari wala gundi. Akatoa hewa ndani. Farasi 8 upande huu, 8 upande ule. Wakavuta wasiweze kuvitenganisha, na walipoweza ililia kama mzinga. Halafu ukifungua vali hewa iingie, mtoto anavitenganisha kwa mikono.

Piga hesabu: nusu mita ya kipenyo, hewa inakandamiza kila upande kwa nguvu sawa na uzito wa karibu tani 2.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapa nina swali la mtihani. Je, farasi 16 walivuta mara mbili ya farasi 8 waliofungwa ukutani?

---

Mzee wa Kijiwe

Ndiyo. 8 na 8 ni 16, hata mimi niliyeishia darasa la saba najua.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapana. Upande wa pili ungeufunga kwenye mti mkubwa, farasi 8 wangetoa nguvu ile ile. Wale 8 wengine walikuwa wanafanya kazi ya mti.

---

Mzee wa Kijiwe

Kwa hiyo Guericke alilisha farasi 8 bure.

---

Fundi Visima

Alilisha kwa ajili ya watazamaji, mzee. Meya huyo. Nyumbani kwake pia aliweka bomba la maji refu kupita ghorofa kadhaa, juu yake kioo, ndani kijimtu cha mbao kinaelea. Hewa ikiwa nzito kijimtu kinapanda, tufani ikikaribia kinashuka. Mwaka 1660 kilishuka sana, akawaambia watu dhoruba inakuja, ikaja.

Uingereza nitapita haraka. Robert Boyle alikuwa na hela, mtoto wa tajiri mkubwa aliyekuwa na mashamba Ireland. Robert Hooke alikuwa na mikono. Hooke akamtengenezea pampu bora ya hewa mwaka 1659, na tufe la kioo ili ndani paonekane. Wakatia saa ndani, mlio ukafifia hewa ilipopungua. Wakatia mshumaa, ukazimika. Wakatia ndege, na hapo sitasimulia. Mwaka 1662 Boyle akachapisha kanuni mnayoijua ya shuleni, kwamba ukiishindilia hewa iwe nusu ya nafasi, kanieneo linakuwa mara mbili.

Mtu ninayetaka kukaa naye ni msaidizi wa baadaye wa Boyle, Mfaransa Denis Papin. Mprotestanti wa Blois. Mwaka 1679 alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na vali ya usalama ya uzito, mifupa migumu ikawa inaiva laini. Presha kuka hiyo! Mwaka 1682 aliwapikia wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, chakula cha jioni nayo. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa akafuta haki za Waprotestanti, Papin asiweze tena kurudi kwao. Akiwa Marburg, mwaka 1690, akachapisha wazo dogo lililobadilisha kila kitu: silinda nyembamba, kipenyo inchi mbili na nusu, maji kidogo chini, pistoni juu yake. Pasha moto, mvuke unainua pistoni. Ondoa moto, mvuke unarudi kuwa maji, ndani panabaki ombwe, na hewa ya nje inaisukuma pistoni chini. Kile kisilinda kiliinua ratili 60.

Yaani bahari ya Torricelli imefungwa nira, inalima.

Papin hakuwahi kuigeuza kuwa mashine ya kazi. Alifia London akiwa maskini.

---

Duara Namba 9

Naona tunarudi machimboni.

---

Fundi Visima

Hasa. Migodi ya Uingereza ilikuwa imezama. Makaa ya mawe na bati ya juu yameisha, ya chini yako majini, na farasi wa kuzungusha pampu wanakula kuliko wanavyozalisha.

Mwaka 1698 Thomas Savery alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mashine aliyoiita rafiki wa mchimbaji. Haina pistoni. Mvuke unaingia kwenye chungu, unapozwa kwa maji ya nje, ombwe linavuta maji kutoka chini. Mnaona kosa? Inavuta! Kwa hiyo ilibidi ifungwe chini mgodini, isizidi mita 8 au 9 juu ya maji, halafu ikasukuma juu kwa mvuke wenye nguvu ambao mabomba ya wakati ule yaliunganishwa kwa risasi isiyohimili. Wazo la kisomi, bomba la kupasuka. Mzee wangu wa Chanika angeinunua.

Aliyemaliza kazi alikuwa muuza vyuma. Thomas Newcomen wa Dartmouth, aliyewauzia wachimbaji zana, pamoja na mshirika wake John Calley. Walihangaika kama miaka 10. Silinda yao mwanzoni ilipozwa kwa maji ya nje, polepole mno. Msweden Mårten Triewald, aliyefanya kazi na injini hizo, ameandika kuwa siku moja kiraka cha risasi kwenye silinda kiliyeyuka, maji baridi yakachirizika ndani kwenyewe kwenye mvuke. Ombwe likaja ghafla, hewa ikaishindilia pistoni kwa nguvu ikakata mnyororo na kuvunja sakafu ya silinda. Wakasimama wakitazamana, kisha wakaelewa wamepewa dawa. Tangu hapo wakaweka bomba la kunyunyizia maji ndani makusudi.

Juu ya pistoni waliweka duara la ngozi na maji kidogo ya kuziba, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchonga silinda iliyonyooka vizuri. Ukiwa fundi utacheka kwa kuitambua hila hiyo.

Mwaka 1712 injini yao ya kwanza inayojulikana vizuri ilisimama karibu na ngome ya Dudley. Silinda ya inchi 21. Mapigo 12 kwa dakika, kila pigo galoni 10, kama lita 45, kutoka kina cha mita 47 hivi. Ombwe kamili kwenye silinda ile lingetoa nguvu ya zaidi ya tani 2, wao walipata kama nusu yake. Ilikula makaa kwa pupa. Chini ya asilimia 1 ya moto ndiyo iliyogeuka kazi. Lakini ilisimama mlangoni mwa mgodi wa makaa, vumbi la makaa lisilouzika lipo bure. Zaidi ya miaka 50 baadaye James Watt alipewa mfano mdogo wa mashine hiyo autengeneze katika chuo cha Glasgow, akaikuta inavyopoteza moto, na hadithi yake mnaijua.

Na pampu yenyewe waliiweka wapi? Chini. Injini juu, boriti kubwa inapanda na kushuka kama pembea, fito ndefu zinateremka shimoni mpaka kwenye pampu zilizo karibu na maji. Hawakujaribu kuvuta mita 47 kutoka juu.

---

Mswahili wa Muscat

Na Savery alipata nini?

---

Fundi Visima

Hela, shehe. Hataza yake iliandikwa kwa maneno mapana, kuinua maji kwa moto, na bunge likaiongezea muda mpaka 1733. Newcomen ilibidi aingie chini yake. Savery alikufa 1715, Newcomen 1729, hataza bado hai.

---

Mzee wa Kijiwe

Mzee wa Chanika imeishiaje?

---

Fundi Visima

Jana nilirudi na pampu ya kuzamisha, ya kukopa kwa rafiki. Nikaifunga kamba, nikaishusha mpaka majini. Maji yalitoka kabla sijamaliza kuwasha sigara. Ile ya mita 35 amerudisha dukani. Walichomwambia hakikuwa uongo, inasukuma juu mita 35, ila hawakumwambia inatoa wapi. Hajaniomba radhi, lakini kanipa kuku.

---

Msoma Kimya

Kwa kuwa nimeshavunja ukimya: kisima changu kina mita 8 tu mpaka kwenye maji. Ni chini ya 10. Pampu ya juu nimeshailipia nusu. Nipo Mbeya mjini.

---

Fundi Visima

Mbeya? Uko mita 1,700 juu ya bahari, mkuu. Hewa ya hapo inabeba maji mita 8 na nusu kwa hesabu ya karatasi, na hapo hujatoa msuguano wa bomba wala vali ya chini. Kazini usitegemee zaidi ya 6. Kimbia kesho asubuhi ukadai hela yako kabla hawajafungua boksi.